Kifuniko Kimoja au Viwili? Profesa Abel Wolman na Hesabu ya Klorini Majini

Nyuma ya chupa ya dawa ya maji inayouzwa madukani mwetu huwa kuna maelekezo mafupi. Ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, kifuniko kimoja. Maji yakiwa na tope, vifuniko viwili. Koroga, funika, subiri nusu saa, ndipo unywe.

Masika moja nilikuwa kwa shangazi yangu. Kisima wanachochota kilikuwa kimeingiliwa na maji ya mvua, na ndoo iliyoletwa siku ile ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akamimina kifuniko kimoja, akakoroga. Nikamwambia, "Shangazi, haya yanataka viwili." Akanitazama kwa mshangao. "Mwanangu, dawa ni dawa. Kwani wadudu wa kwenye tope wana nguvu kuliko wa maji meupe?"

Lilikuwa swali zuri sana, na siku ile sikuwa na jibu lake. Baadaye nilipolitafuta nilikutana na mhandisi mmoja wa Baltimore, Marekani, aliyelishughulikia swali hilihili mwaka 1919 akiwa bado kijana, kisha akaishi miaka sabini mingine akilipanua mpaka likawa somo la chuo kikuu na kanuni ya mitambo ya maji duniani kote. Jina lake Abel Wolman. Hapa Afrika Mashariki ni wachache wanaomfahamu, ingawa kila anayefuata maelekezo ya kile kifuniko cha pili anafuata hesabu yake.

Tuanze na klorini yenyewe. Ikiingia majini huzaa asidi dhaifu iitwayo asidi ya hipoklorasi, na hiyo ndiyo muuaji hasa. Molekuli yake haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya ukuta wa bakteria bila kizuizi kikubwa, ikafika ndani na kuharibu vimeng'enya vinavyokipa kidudu uhai. Vidudu vya homa ya matumbo na vya kipindupindu havina kinga kubwa dhidi yake. Kiasi kidogo tu, chini ya miligramu moja kwa lita, kikiachwa muda wa kutosha, huvimaliza.

Tatizo ni kwamba klorini haichagui. Haijui kidudu cha kipindupindu ni kipi na jani lililooza ni lipi. Inashambulia chochote kinachokubali kuunguzwa nayo: chuma kilichoyeyuka, manganizi, ile gesi yenye harufu ya yai viza, amonia inayotoka kwenye mikojo na samadi, na mabaki ya mimea yanayoyapa maji ya mto rangi ya kahawia. Kila kimoja kati ya hivyo hula sehemu ya dozi. Vingine hula upesi, ndani ya sekunde, kabla klorini haijapata nafasi ya kugusa bakteria hata mmoja.

Sasa chukua ndoo mbili. Tuseme kila moja umeitia miligramu 2 za klorini kwa lita. Ndoo ya kwanza ina maji ya kisima kirefu, nayo yanakula miligramu 0.3. Zimebaki 1.7, kazi inafanyika na akiba ipo. Ndoo ya pili ina maji ya mto uliofurika, nayo yanakula 1.9. Imebaki 0.1. Mtu aliyeitia dawa ndoo ile anaamini amejikinga, na dozi aliyoweka ni ileile ya jirani yake, lakini anakunywa maji yasiyo na ulinzi wa kutosha. Wadudu wa kwenye tope hawana nguvu ya ziada. Tope ndilo lililokula dawa.

Jambo hili linaonekana dogo likishaelezwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 halikuwa dogo. Maji yote ya mji wa Jersey City, Marekani, yalianza kutiwa klorini mwezi Septemba 1908, kazi iliyosimamiwa na daktari John Leal. Mji na kampuni ya maji walikuwa tayari mahakamani wakibishania usafi wa maji hayo, na klorini ikaingia katika kesi hiyo, huku watu wengi wakiona ni kichaa kumimina kitu chenye sumu kwenye maji ya kunywa. Mahakama ikakubali hoja ya Leal, na miji mingine ikaanza kuiga. Homa ya matumbo ilikuwa ikiwaandama: mwaka 1900 Marekani ilikuwa na wagonjwa wapatao 100 wa homa hiyo kwa kila watu 100,000.

Leal alikuwa amejibu swali la kama klorini inafaa. Swali la kiasi gani likabaki. Mtambo mmoja ulichagua dozi na kuishikilia mwaka mzima, kiangazi na mvua, kana kwamba mto ni uleule kila siku. Mtambo mwingine uliongeza mpaka wakazi walalamike kuhusu ladha, kisha ukapunguza. Ukipunguza kupita kiasi, homa inarudi. Ukizidisha, watu wanakimbilia visima vya zamani vyenye maji matamu na machafu, na homa inarudi vilevile. Nadhani hapa ndipo uvumbuzi mwingi unapokufa, pale kitu kinapofanya kazi leo na kesho kisifanye, na hakuna anayejua kwa nini.

Wolman alizaliwa Baltimore mwaka 1892, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Baltimore ya utoto wake ilikuwa mji mkubwa usio na mfumo wa mabomba ya majitaka. Nyumba zilitegemea mashimo, na ujenzi wa mfumo huo ulikuja baada ya moto mkubwa wa 1904 kuteketeza katikati ya mji. Alisoma Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akapata shahada yake ya uhandisi mwaka 1915 akiwa miongoni mwa wahandisi wa kwanza kabisa kuhitimu chuoni hapo. Kazi yake ilikuwa katika idara ya afya ya jimbo la Maryland, na ofisini humo alimpata mwenzake wa kufikiri naye, mkemia Linn Enslow.

Maryland ilikuwa mahali pazuri pa kuliona tatizo, kwa sababu jimbo lile dogo lina maji ya kila namna: vijito vya milimani upande wa magharibi, mito mizito ya tambarare, na maji ya pwani yenye rangi ya kinamasi. Kinachofaa mji mmoja kinashindwa kwenye mji wa pili. Badala ya kutafuta dozi moja sahihi kwa wote, Wolman na Enslow waliligeuza swali. Usiulize umeweka klorini kiasi gani. Uliza imebaki kiasi gani.

Utaratibu waliouandika katika makala yao ya 1919 mtu anaweza kuufanya mezani. Chukua sampuli ya maji ya siku hiyo. Itie klorini unayoijua kipimo chake. Subiri muda maalumu, dakika chache. Kisha dondoshea kemikali iitwayo othotolidini, ambayo hugeuka manjano ikikutana na klorini, na kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo manjano inavyokolea. Linganisha rangi hiyo na chupa za mfano zilizopangwa kando, usome kilichosalia. Ondoa kilichosalia kwenye ulichoweka, umepata kilicholiwa. Sasa dozi ya mtambo kwa siku hiyo haihitaji kubahatishwa: ni kile maji yanachokula, ukiongeza akiba ndogo ya kubaki.

Kesho mvua ikinyesha, unapima tena.

Nimekuwa nikiutazama utaratibu huu kwa heshima, kwa sababu hauhitaji daktari wala profesa kuuendesha. Fundi wa zamu katika mji wa watu elfu tatu anaweza kuufanya asubuhi kabla ya chai. Wolman na Enslow hawakugundua klorini, wala kwamba inaua bakteria, na othotolidini ilikuwa tayari mikononi mwa wakemia. Walichokifanya ni kumpa yule fundi namba ya kuishika.

Na ile akiba ndogo ina kazi yake kubwa. Maji yanayotoka mtamboni yakiwa safi bado yana safari ndefu. Bomba lina nyufa, maungio yanavuja, na umeme ukikatika au mgao ukianza, bomba huwa tupu na kunyonya lililopo ardhini, pengine majitaka ya mfereji wa jirani. Klorini iliyosalia husafiri na maji kama mlinzi. Ndiyo sababu leo Shirika la Afya Duniani linataka maji yawe na angalau miligramu 0.5 za klorini huru, yaani ambayo haijaungana na kitu kingine, kwa lita baada ya dakika 30 za kuchanganyika, na yasipungue 0.2 yanapomfikia mtumiaji. Mpimaji anayekwenda kwenye kioski cha mwisho cha mtaa na kichupa chake, akatia kidonge na kutazama kama maji yatageuka waridi, anafanya kipimo kilekile cha 1919. Siku hizi othotolidini imeachwa kwa kuwa yenyewe ni hatari kwa afya, na manjano imebadilishwa na waridi, lakini swali ni lile: imebaki kiasi gani? Na kama mtamboni klorini ilikuwepo na kwenye kioski haipo, basi katikati kuna kitu kimeila, na hapo ndipo pa kwenda kuchimba.

Kuna tanzi jingine lililofunguka baadaye kidogo. Maji yenye amonia nyingi, kwa mfano yanayopokea majitaka, hufanya jambo la kushangaza. Unaongeza klorini, kipimo cha kilichosalia kinapanda. Unaongeza tena, kinashuka. Unaongeza zaidi, kinapanda tena. Sababu ni kwamba klorini kwanza huungana na amonia kuwa kloramini, ambayo nayo huua lakini kwa uvivu mkubwa. Ukizidisha klorini, zile kloramini zinavunjwa, na kilichosalia kinaanguka mpaka amonia imalizike. Baada ya hapo ndipo klorini inabaki huru. Kwa hiyo harufu kali ya dawa inaweza kuwa ya kloramini huku klorini huru ikiwa haitoshi. Nguvu ya klorini hutegemea pia pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake: kwenye pH 6.5 sehemu kubwa iko katika umbo la ile asidi kali kwa wadudu, kwenye 8.5 sehemu kubwa imegeuka umbo jingine lililo dhaifu mara nyingi. Dozi ileile, kilichosalia kilekile, nguvu tofauti.

Mwaka 1922 Wolman akawa mhandisi mkuu wa idara ya afya ya Maryland, cheo alichokishika hadi 1939. Katika miaka hiyo alikuwa pia mhariri wa jarida la chama cha watu wa maji wa Marekani, na hili naliona ni muhimu kuliko linavyotajwa. Mtambo wa mji mdogo hauwezi kujifunza kutoka mtambo wa mbali kama hakuna mahali pa kuandika yaliyowakuta. Jarida lilikuwa mahali hapo. Aliyejaribu dozi akashindwa aliandika, aliyefaulu aliandika, na hesabu ya Maryland ikaingia katika mikono ya mafundi ambao Wolman hakuwahi kuonana nao.

Kisha chuo. Mwaka 1937 Johns Hopkins kilimfanya profesa na mkuu wa idara ya uhandisi wa usafi wa mazingira, akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 1962. Idara hiyo ilikuwa na miguu miwili: mmoja katika shule ya uhandisi, mwingine katika shule ya afya ya jamii. Anayejua vyuo vikuu anajua kitu hicho ni kigumu kiasi gani. Shule mbili zina bajeti mbili, wakuu wawili, na mabaraza mawili yasiyoelewana kuhusu nani alipe mshahara wa nani. Lakini ugonjwa wa maji unaishi hasa kwenye ufa huo. Daktari anamwona mgonjwa, halioni bomba. Mhandisi analiona bomba, hamwoni mgonjwa. Kipindupindu kikizuka, daktari anahesabu vitanda na mhandisi anahesabu shinikizo la maji, na wanaweza kumaliza wiki bila kukaa meza moja. Wolman aliwakalisha wanafunzi wa pande zote mbili darasa moja, akawafundisha kwamba mhandisi wa maji ni mtu wa afya.

Uongozi wa namna hii haupigiwi tarumbeta. Hauna kifaa cha kuonyesha wala picha ya kupiga. Uko katika mitaala na katika watu: wahitimu waliokwenda kusimamia maji ya miji na majimbo, na wengine katika nchi zao. Wolman mwenyewe alishauri serikali nyingi kuhusu maji, zikiwemo za India, Brazil na Israel, na akawa mshauri wa Shirika la Afya Duniani tangu miaka yake ya mwanzo. Marekani ilipoanza kujenga vinu vya nyuklia alikalishwa kwenye kamati ya usalama wa vinu hivyo, akasisitiza lile ambalo mtu wa maji lazima aliulize kwanza: taka zitakwenda wapi?

Mwaka 1965, akiwa ameshastaafu, aliandika makala maarufu katika jarida la Scientific American kuhusu mji kama mwili unaokula na kutoa. Alifikiria mji wa Marekani wenye watu milioni moja. Kila siku unaingiza tani 625,000 za maji, tani 2,000 za chakula na tani 9,500 za fueli. Kila siku unatoa tani 500,000 za majitaka, tani 2,000 za takataka na tani 950 za uchafu wa hewa. Ukiziweka namba hizo karibu karibu unaona maji yanavyofunika vingine vyote, na unaona pia kwamba mji unaojenga bomba la kuingiza bila bomba la kutoa unajijaza uchafu wake mwenyewe. Hesabu ni ileile ya chupa ya Maryland. Nini kimeingia, nini kimetumika, nini kimesalia. Wasomi wa mipango miji bado wanaitumia hadi leo, na ukikaa Dar es Salaam au Mombasa wakati wa mvua, nyumba zilizounganishwa na maji zikiwa nyingi kuliko zilizounganishwa na mfumo wa majitaka, huhitaji kuelezwa mara mbili.

Tuzo zilikuja, ikiwemo nishani ya taifa ya sayansi ya Marekani na Tuzo ya Tyler ya mwaka 1976. Alifariki Februari 1989 akiwa na miaka 96. Jengo la ofisi za mji wa Baltimore limepewa jina lake, na ni humo wakazi wamekuwa wakienda kwa miaka mingi kushughulikia bili zao za maji.

Hesabu yake ilikuwa na shimo moja, nalo halipaswi kufichwa. Alipopima klorini "iliyoliwa", hakuna aliyeuliza kwa makini inageuka kuwa nini. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook wa Rotterdam, Uholanzi, alionyesha kwamba klorini ikiungana na mabaki ya mimea majini huzaa klorofomu na jamaa zake, kemikali ambazo mtu akizinywa kwa miaka mingi zinaweza kumdhuru. Marekani ikaziwekea kikomo mwaka 1979. Wengine walitaka klorini iachwe. Mimi nawaunga mkono waliokataa: madhara ya klorofomu yanahesabiwa kwa miaka ya maisha, ya kipindupindu yanahesabiwa kwa saa. Ugunduzi wa Rook unaelekeza pengine. Kama tatizo ni kinachoila klorini, kiondoe kabla hujaitia. Tuliza tope kwa shabu, chuja kwa mchanga, kisha weka klorini kidogo itakayopata kidogo cha kula.

Njia hiyo inatibu na udhaifu mwingine. Kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu chenye ganda gumu ambalo klorini ya kawaida hailipenyi. Mwaka 1993, miaka minne baada ya Wolman kufariki, kilipita kwenye machujio ya mtambo mmoja wa Milwaukee, Marekani, na watu wanaokadiriwa kuwa 403,000 wakaugua. Klorini ilikuwemo. Chujio ndilo lililoshindwa. Na hata kushuka kwa homa ya matumbo Marekani, kutoka wagonjwa 100 hadi 33.8 kwa kila watu 100,000 kufikia 1920, hakukuwa kazi ya klorini peke yake: machujio, majitaka yaliyoondolewa mitaani na maziwa yaliyochemshwa vyote vilishika upande wake.

Nilimrudishia Shangazi jibu lake kiangazi kilichofuata. Nilimweleza kwamba wadudu ni walewale, bali tope linakula dawa kabla haijawafikia. Alinyamaza kidogo, akauliza kama tope likiondolewa kwanza, kifuniko kimoja kitatosha. Nikamwambia mara nyingi ndiyo.

Sasa maji ya mvua huyaacha kwenye ndoo usiku kucha yatulie. Asubuhi huyamimina taratibu kwenye ndoo ya pili kupitia kipande cha khanga kilichokunjwa, akaliacha tope chini, ndipo anatia dawa na kufunika. Nusu saa ikipita hufunua na kunusa. Akikuta harufu hafifu ya dawa, anachota. Asipoikuta husema, "Imeliwa," akarudia dozi na kusubiri tena.